Siku Moja Katika Hebaria: Ua Jekundu Lisilo na Majani ya Kijani

Wengi wakisikia kwamba kazi yangu ni mimea hudhani ninapalilia bustani, kumbe hapa Nairobi ninatunza hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Saa mbili asubuhi hufungua makabati, hukagua wadudu na unyevu, kisha hubandika vielelezo vya nyasi hadi saa nne.

Saa nne na robo aliingia kijana anayepamba bustani za watu. Kwenye simu yake alikuwa na picha ya ua jekundu lililochomoza penye theluji huko California, naye alitaka miche. “Mama, mteja wangu analitaka hili hili,” alisema. Nilimweleza kwamba ua hilo, Sarcodes sanguinea, halina klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, wala halijitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Hunyonya sukari kutoka kwa kuvu ya ardhini, ambayo nayo huipata katika mizizi ya misonobari na jamii yake, kwa hiyo anayetaka kulipanda itabidi ahamishe msitu pamoja na udongo wake. Alitikisa kichwa kwa heshima, kisha akauliza, “Na kwenye chungu chenye mbolea?”

Nikamtolea chupa ya spiriti yenye Thonningia sanguinea, mmea wa misitu ya Afrika ya kitropiki, Kakamega ikiwemo. Huu haupitii kuvu: kiazi chake hujishikiza moja kwa moja kwenye mzizi wa mti, na kinachotokeza juu ya ardhi ni kichwa cha magamba mekundu yaliyochongoka, mfano wa nanasi dogo. Ndani ya spiriti wekundu ulikuwa umekwisha, naye akasema nimemwonyesha kitu kilichooza. Akazidi kuuliza: mbegu je? Kipande cha kiazi je? Adhuhuri ilitukuta papo hapo, na chai yangu ilikuwa imepoa zamani.

Alipoondoka sikutazama saa tena. Nilibadilisha karatasi za kunyonya maji, kwani mmea wenye nyama huchelewa kukauka, huota ukungu na hupoteza rangi; ndiyo maana mkusanyaji hupaswa kuiandika rangi akiwa bado msituni. Mkusanyaji wa kielelezo cha leo aliandika “ua zuri”, basi. Mgongo ukiniuma, nilimpigia simu mpaka akapokea. “Nyekundu mno, hasa magamba ya juu,” alisema, nami nikayaandika hayo kwenye lebo pamoja na tarehe ya simu, kwa sababu atakayelifungua kabati hili miaka mingi ijayo atakuta kitu cha kahawia tu.