Embe la Bibi

"Mama, nani kaliminya embe hili?"

Mwanangu kapanda kochi kuitazama picha ya ukumbini, na mimi nimerudi Malindi ya Unguja, ghorofani, tapentaini inanikaba koo.

Ami alizing'ang'ania rangi za mafuta. Wenziwe wa Shangani walichora picha za mtindo wa Tingatinga kwa rangi za kopo. Kesho yake imekauka, mtalii keshaondoka nayo. Yeye angoje wiki kwa wiki, maana mafuta ya kitani hayakauki kama maji. Yanavuta hewa mpaka yagande, na rangi ikiwa nene hutangulia kukauka ngozi ya juu, ndani bado laini. Alipanga sinia la embe boribo, komamanga na stafeli, pembeni bakuli la asumini, akatukataza kugusa. Asumini zikinyauka, natumwa nyengine. Stafeli tulilila kabla hajalimaliza. Hayo nayapita.

Siku hiyo Bibi alitoka kusali alasiri, kanga ya kusalia bado kichwani. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho. La pili alisema linaona, nasi tulimwachia. Akasogea mpaka pua ikakaribia turubai, usawa wa asumini, akavuta pumzi.

"Hazinuki hizi."

Kisha taratibu, kama afanyavyo Darajani mbele ya muuzaji asiyemwamini, akaweka dole gumba kwenye shavu la embe, pale kijani kinapoanza kuingia manjano, akaminya. Rangi ikabonyea. Nilisikia, au najidanganya kuwa nilisikia, kisauti kama cha mtu anayeachanisha midomo. Akakitazama kidole chake.

"Halijaiva," akasema. "Livundikeni."

Ami hakujibu. Miaka baadaye alipenda kutusimulia kisa cha Wagiriki wa kale, kuwa Zeuxis alichora zabibu mpaka ndege wakaja kuzidonoa, na hapo hutuangalia mmoja mmoja tuelewe anamkusudia nani. Siku nyengine hununa: "Mama alinifanyia stihizai tu." Kisu cha rangi alikuwa nacho, kulisawazisha ilikuwa kazi ya dakika moja. Hakulisawazisha.

Mimi nakumbuka jioni ile ile, Bibi kaketi na ungo anachambua mchele. Chuya haikumpita hata moja. Kwa jicho au kwa vidole, sikuangalia.