Mashine mbili nyuma ya ukuta wangu

Nyuma ya chumba changu hapa Nkuhungu, Dodoma, kuna mashine ya kusaga. Niseme ukweli, ziko mbili. Ya kwanza inawashwa saa mbili asubuhi, ya pili inawashwa wateja wakizidi, na zikishaungana ndipo unaelewa kwa nini kodi ya chumba ilikuwa nafuu. Nilipokuja kukiangalia ilikuwa Jumapili jioni, mtaa umetulia, unasikia upepo tu na vumbi lake. Dalali alijua anachofanya.

Kazi yangu ni kuandika programu. Sina ofisi Mtumba, kwenye mji wa Serikali, wala mjini. Ofisi yangu ni meza ya plastiki, laptopu, na dirisha linalotazamana na ukuta wa mashine. Kwa sasa natengeneza mfumo wa kikundi kimoja cha akiba na mikopo. Mwanachama analipa rejesho kwa simu, mfumo unapokea taarifa, deni lake linapungua. Ukielezwa hivyo utasema ni kazi ya wiki mbili. Mimi niko mwezi wa tano.

Wiki ambayo nataka kuisimulia nilikuwa nasaka kosa moja tu: rejesho la elfu hamsini lilikuwa linaingia mara mbili. Mtandao wa simu ukichelewa kujibiwa, unatuma taarifa ileile tena, na programu yangu, kwa uungwana wake, ilikuwa inaipokea ya pili kama malipo mapya. Haikuwa kila mara, ingekuwa kila mara ningeikamata siku hiyohiyo. Ilitokea pale tu taarifa ya pili ilipobisha hodi kabla ya ile ya kwanza haijamaliza kuandikwa. Kosa la namna hii hulioni kwa macho. Inabidi ubebe kichwani vitu vitano au sita kwa pamoja: hii imefika wapi, ile inasubiri nini, nani kafunga mlango. Unabeba, unabeba, unakaribia kabisa, halafu ng'ambo ya ukuta mtu anamwaga debe la mahindi makavu mdomoni mwa mashine. Yeye anamwaga mahindi, mimi namwagika kila nilichobeba. Unaanza upya.

Mdogo wangu, anayesoma Udom, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiye aliyeniletea dawa. "Dada, sikiliza hii. Watu wa kompyuta wote wanatumia." Ilikuwa video ya saa tatu yenye picha ya ubongo unaowaka bluu. Biti za bainorali. Usidhani ni biti za Bongo Fleva, hizi hata ukiwa na viuno viwili hazichezeki. Ni mvumo mmoja, "uuuu", unaodundadunda kwa ndani. Mimi nimezoea kuyaita mapigo ya masikio mawili.

Kinachofanyika ni hiki. Sikio la kushoto linapewa mlio mmoja, tuseme wa hezi 200, yaani hewa inatikisika mara 200 kwa sekunde. La kulia linapewa mlio wa hezi 216. Hakuna sikio hata moja linalopewa kitu cha kupanda na kushuka. Kila moja lina mlio wake ulionyooka kama uzi. Lakini wewe unasikia mtetemo unaodunda mara 16 kwa sekunde, ambayo ndiyo tofauti ya ile miwili. Mtetemo huo haupo hewani. Unaundwa kwenye shina la ubongo, pale taarifa za masikio mawili zinapokutana. Kazi ya kila siku ya sehemu hiyo ni kulinganisha sauti imetangulia kufika sikio lipi, na ndiyo inayokusaidia kujua bodaboda anatokea kushoto kabla hujageuza shingo. Ukiipa milio miwili inayokaribiana bila kulingana, inalinganisha na kulinganisha, na wewe unasikia mapigo. Milio ikiwa mikali sana, ikipita hezi 1,000 na kitu, neva zinashindwa kwenda nayo na mapigo yanapotea.

Aliyegundua jambo hili ni mwanafizikia Mjerumani, Heinrich Wilhelm Dove, katika karne ya 19. Likabaki jambo la watu wa maabara hadi mwaka 1973, mtafiti Gerald Oster alipoliandikia makala katika jarida la Scientific American. Miaka hiyohiyo, huko Virginia, Marekani, Robert Monroe alikuwa ameshaanza kuligeuza bidhaa kwa jina la Hemi-Sync. Dai la wauzaji linaegemea kwenye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo ambacho daktari Mjerumani, Hans Berger, alikifanya kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Usingizi mzito una mawimbi ya taratibu, chini ya hezi 4. Ukifumba macho na kutulia, ni kati ya 8 na 13. Ukiwa macho na kazi iko mkononi, ni 13 hadi 30. Basi, wanasema, upigie ubongo 16 nao utafuata 16, kama mtu anayepita penye ngoma akajikuta miguu imeshakubali.

Nilipakua video mbili kwa bando la usiku. Nikajiwekea utaratibu: dakika 25 hedifoni masikioni, simu kifudifudi, mlango umerudishwa; dakika tano za kunyoosha mgongo; kisha tena. Siku ya tatu nikalikamata kosa langu. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja, sharti kwenye hifadhidata kwamba namba ya muamala haiwezi kuandikwa mara mbili, taarifa ya pili ikija ikute mlango umefungwa. Nilipiga kelele peke yangu chumbani. Kuanzia hapo nikawa mhubiri. Nilimhubiria mdogo wangu ambaye ndiye aliyenihubiria mimi, nikamhubiria mama kwa simu kule Kondoa, naye akaniuliza kama ninakula vizuri.

Wiki tano zikapita hivyo. Wiki ya tano, mtoto wa mpangaji mwenzangu akagonga kuomba kiberiti. Nikachomoa hedifoni ya kushoto, nikachukua kiberiti dirishani, na nikiwa nimenyoosha mkono kumpa, nikaganda. Mapigo yalikuwa yanaendelea. Sikio la kulia peke yake, na bado "uuuu" inadunda vilevile.

Sasa hebu rudi juu usome tena. Mapigo haya yanahitaji masikio mawili. Ukichomoa upande mmoja, yanatakiwa kufa palepale, ubaki na mlio mmoja ulionyooka. Yangu hayakufa. Mtoto akaondoka na kiberiti bila hata kunishukuru, nami nikabaki mlangoni nachomoa na kuchomeka, kushoto, kulia, kushoto, kama fundi anayejaribu taa.

Nilihangaika jioni nzima. Nilianza kuilaumu video. Nikalaumu hedifoni. Mwisho nikaingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu ambayo huwa siendi, nikakuta swichi imewashwa: sauti ya mono. Niliiwasha mwenyewe mwaka jana, hedifoni za zamani zilipokufa upande mmoja, ili sauti yote ije kwenye sikio lililobaki. Hedifoni nilibadilisha, swichi nikaisahau. Kwa hiyo kwa wiki tano simu ilikuwa inachanganya milio yote miwili kabla haijatoka, na kila sikio linapewa mchanganyiko uleule. Mapigo yalikuwa halisi, ya kwenye waya, yanayosikika hata na mwenye sikio moja. Shina langu la ubongo halikutengeneza chochote. Nilikuwa nimehubiri dawa ambayo sijawahi kuinywa.

Kwa haki, niseme kwamba hata mapigo yaliyochanganywa nje ya kichwa huonekana kwenye EEG, tena yanaonekana kwa nguvu kuliko ya masikio mawili. Kwa hiyo sikuweza kujiambia kwamba wiki tano zile sikusikiliza kitu. Nilikuwa nimesikiliza kitu kingine.

Nikaamua kuyatengeneza mwenyewe, maana ni aibu mtu wa programu kula bando kwa ajili ya milio miwili. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, haizidi mistari kumi na tano. Nikaanza kwa ujanja: kwa kuwa 200 na 216 zote zinakamilisha mizunguko kamili ndani ya sekunde moja, faili la sekunde moja likirudiwarudiwa linatosha. Sampuli 44,100, yaani vipimo vya sauti vya sekunde hiyo moja, pande mbili, baiti mbili kila sampuli: baiti 176,400, dogo kuliko picha ya harusi. Nililipenda faili lile. Kilichoniangusha ni kichezeo cha muziki kwenye simu, kilichokuwa kinaweka pengo dogo kila kinaporudia, kwa hiyo nikapata mapigo 16 kwa sekunde na juu yake "tik" kila sekunde, kama kukaa ndani ya saa ya ukutani. Ikabidi nitengeneze la dakika 25 nzima. Megabaiti 265. Ujanja wote ukaishia hapo.

Nikazima mono, nikavaa. Kweli ni kitu kingine. Yale ya waya yanagonga. Haya yanazunguka katikati ya kichwa, laini, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nikichomoa upande mmoja, yanakufa. Nikirudisha, yapo. Nilirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Kujua kama yanasaidia ndiyo ilikuwa kazi, kwa sababu mtu akishapenda kitu hawezi kuwa shahidi wake. Nikamwomba mdogo wangu atengeneze mafaili mawili, yote yamefunikwa na mvumo kama wa mvua juu ya bati ili nisiweze kuyatambua: moja lina 200 na 216, jingine lina 200 pande zote mbili, halina pigo lolote. Moja akaliita Simba, jingine Yanga, akakataa kuniambia lipi ni lipi. Kila asubuhi ananitumia ujumbe wa neno moja. Nilikuwa nahesabu vipindi vya dakika 25 nilivyomaliza bila kugusa simu wala kuinuka.

Siku sita za Simba, vipindi 31. Siku sita za Yanga, vipindi 30. Mdogo wangu, ambaye ni Simba damu, alitaka tutangaze ushindi. (Simba ndilo lililokuwa halina kitu. Ameacha kuzungumzia jaribio hilo.)

Siku iliyoongoza haikuwa ya timu yoyote. Jumamosi ya katikati umeme ulikatika asubuhi, mashine zote mbili zikanyamaza, nikafanya kazi kwa betri ya laptopu bila kuvaa kitu. Vipindi saba, mpaka betri ikaisha.

Siku kumi na mbili za mtu mmoja si utafiti, najua. Lakini hata wenye maabara hawajakubaliana. Mwaka 2023 jarida la PLOS ONE lilitoa mapitio ya tafiti 14 zilizopima kama ubongo kweli hufuata mapigo haya: tano zilikubali, nane zilikataa, moja ikawa huku na huku. Nadhani kilichonisaidia wiki tano zile ni dakika 25 zenyewe, na zile hedifoni, ambazo zilinizibia mahindi na zikawaambia majirani kwamba sipo. Ile mvua ya bati nimebaki nayo, kwa sauti ya chini. Zamani nilikuwa napandisha sauti ili niishinde mashine, na huko ndiko kuharibu masikio. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mimi kwa wiki nafikisha hizo saa bila shida.

Wiki iliyopita nilikutana na mzee wa mashine nje, nyusi nyeupe kwa unga. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza ni taarabu gani ninayoisikiliza kutwa nzima. Nikamwekea lile faili langu la dakika 25, lisilo na mvua. Akasikiliza amefumba macho.

"Mbona hizi ni mashine zangu?"

Nikamwambia achomoe upande mmoja.

"Imekufa." Akarudisha. "Imefufuka." Akachomoa tena.

Kisha akaanza kunifundisha. Mashine zake zote mbili zikisaga mzigo sawa, mdundo wa mivumo yao unakwenda taratibu, "wuuu, wuuu". Kijana akijaza moja kupita kiasi, ile inalemewa, mwendo unapungua kidogo, zinaachana, na mdundo unaharakisha. Yeye huwa ndani anakunywa chai, akisikia hivyo anapiga kelele kijana apunguze, bila kuinuka wala kuchungulia. Miaka yote hiyo nilikuwa nalala ukuta mmoja na mtu anayetumia mapigo kazini, tena kwa faida.

"Sasa wewe," akasema, "umeweka mashine mbili kichwani. Unasaga nini?"

Nikamwambia ni marejesho ya mikopo. Akacheka, akanirudishia hedifoni, akarudi ndani kwa sababu mdundo ulikuwa umeanza kwenda mbio. Nilizifuta unga kwa kanga. Ile ya kulia mpaka leo inanukia mtama.