Aliyemleta yuko wapi? Siku moja kwenye meza ya triaji, Mwanza

Saa 12:15 asubuhi

Daladala za Igoma asubuhi hazina ustaarabu. Ukisubiri nafasi ya kukaa, utafika mjini watu wanakunywa chai ya saa nne. Nasimama, begi nimelikumbatia, Nyakato, Buzuruga, Mabatini. Sare naivalia kazini, na sababu ni moja tu: ukipanda gari umevaa unesi, utatibu abiria wote kabla hujashuka.

Saa 1:30

Tunakabidhiana zamu kitanda kwa kitanda. Wenzetu wa usiku wanasema nani yupo, alikuja na nini, kafanyiwa nini, kinasubiriwa nini. Baada ya hapo kila mtu anakagua eneo lake. Mimi naanza na mashine ya kufyonza: naiwasha, naziba mdomo wa mpira kwa kidole, nione kama inavuta kweli. Wapo wanaotazama taa tu, ikiwaka wanaridhika. Taa haifyonzi matapishi. Halafu mitungi ya oksijeni, mifuko ya kupumulisha ya wakubwa na ya watoto, vijiti vya kupimia sukari, dripu.

Leo nimepangwa triaji, yaani mlangoni, kuamua nani anaingia kwanza. Wengi wakiniona pale wanadhani mimi ni mapokezi, wananinyooshea kadi ya bima, kitambulisho, barua ya rufaa. Hivyo vyote vina wakati wake. Kwanza natazama mtu anavyopumua, naita jina lake nione kama anaitika, nashika mkono wake nisikie kama ni wa baridi. Kisha presha, mapigo, joto, oksijeni kwa kile kibanio cha kidole, na sukari kwa anayeonekana kuchanganyikiwa. Vipimo hivyo vina alama, alama zinajumlishwa, zinatoa rangi. Mizani tunayotumia ilitengenezwa Afrika Kusini: nyekundu anaingia sasa hivi, machungwa asizidi dakika 10, njano asizidi 60, kijani anaweza kungoja hata dakika 240.

Kuna kitu mizani hiyo haikipimi, nacho ni kile kilichotokea kabla ya mtu kufika kwangu. Ndiyo maana sentensi ninayoitamka kuliko zote kutwa nzima ni hii: aliyemleta yuko wapi?

Saa 2:20

Bajaji inapanda mpaka mlangoni. Vijana wanne wa ziwani, mmoja bado kavaa koti la mvua, wamembeba mwenzao wa tano. Wametoka kisiwani usiku kwa mtumbwi wa injini, wakashukia Kirumba. Shati la mgonjwa lina damu kifuani. Presha 80 kwa 50, mapigo 130. Hapo hakuna cha kujumlisha. Machela, chumba cha nyekundu.

Anaingia, mimi nawazuia wenzake. "Nani alikuwa naye ilipoanza?" Kijana mwenye kofia anasogea. Anasema walikuwa wanavuta nyavu, mwenzao akainama akatapika nyeusi, baadaye nyekundu mbichi yenye mabonge. Hanywi pombe. Tumbo lake upande wa kushoto limekuwa gumu tangu mwaka jana. Na wiki hii mgongo ulimuuma, akanunua vidonge vya maumivu dukani, akawa anavimeza bila kula.

Ukifanya kazi Kanda ya Ziwa, kijana asiyekunywa pombe akitapika damu, kitu cha kwanza kukujia ni kichocho cha tumbo. Wale minyoo wanaishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai yao mengine yanasombwa na damu hadi kwenye ini, yanaacha makovu, njia ya damu inabana, bandama inavimba, na mishipa ya chini ya koo la chakula inatuna hadi siku inapasuka. Ini lenyewe mara nyingi bado linafanya kazi, tofauti na la mlevi, kwa hiyo huyu mtu akivushwa leo ana maisha mbele yake. Na vile vidonge vya maumivu vinaweza kuwa vimechokoza tumbo pia. Namwendea daktari na maneno ya yule kijana kabla sijarudi mezani.

Ndani wameshamwekea njia mbili nene za mshipa, damu ya kupima kundi imekwenda maabara. Dripu anapewa kwa kiasi. Mishipa ile ukiijaza kupita kiasi, presha inapanda nayo inafumuka upya. Akitulia atapitishwa kamera mdomoni, mishipa ifungwe kwa vipira vidogo.

Saa 4:00

Benchi limejaa. Kikohozi, jino, jipu, mgongo wa miaka mitatu. Kijani watupu, na kijani ndio wanaojua kusema. Mgonjwa wa nyekundu hajawahi kunigombeza.

Mzee mmoja analalamika kwamba amefika kabla ya mama aliyepita sasa hivi. Ni kweli, amefika kabla. Mama yule anapumua mara 36 kwa dakika. Namweleza mzee taratibu, kwa shikamoo yake, anaelewa. Nimeona kwamba watu wengi wanaelewa ukiwaambia sababu, wanachokasirikia ni kupitwa kimyakimya. Asiyeelewa ni dereva wa bosi fulani, kaja na funguo za gari mkononi kunitaarifu kwamba "mkubwa" yuko nje ana maumivu ya kiwiko. Mkubwa akapimwa, akapewa kijani, akakaa. Daktari wa jeshi la Napoleon, Dominique Jean Larrey, alikuwa akiwatibu majeruhi kwa uzito wa jeraha bila kuangalia cheo, hata wa upande wa adui. Kama majenerali walisubiri, kiwiko kitasubiri.

Saa 5:40

Bibi wa Misungwi, mjukuu mgongoni kwa kanga. Kwa Kiswahili anasema "homa" tu, anarudia. Mtoto shingo imelegea. Nachoma kidole: sukari 1.8. Nageuza kope, nyeupe. Nambeba mwenyewe kwenda ndani. Wanampa sukari ya mshipani, kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha anayo, sindano ya artesunate inaandaliwa. Watoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, zaidi ya mtu mzima anayepewa 2.4, jambo ambalo wanafunzi wetu husahau kila mwaka.

Narudi kwa bibi, nakaa naye chini. "Mwangaluka, mayu." Uso ukafunguka. Kisukuma changu ni cha Magu lakini tunaelewana. Kumbe homa ina siku nne. Kumbe mtoto alidegedega alfajiri, akapewa maji ya mizizi. Mizizi gani? Anaitaja, naandika. Siwezi kumkaripia, zahanati iko mbali na usiku ule alifanya alichojua. Nikimkaripia, kesho mwingine atanificha.

Kisha, wakati nimeshanyanyuka, akaongeza kama jambo la pembeni: huyu mtoto akiwa mchanga vidole vya mikono na miguu vilimvimba, akalia wiki nzima, na macho huwa yanageuka manjano. Nikakaa tena. Vidole kuvimba uchangani ni moja ya dalili za kwanza za sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na Kanda ya Ziwa ndiko kwenye wagonjwa wengi zaidi wa sikoseli nchini. Malaria peke yake ingetosha kueleza upungufu wa damu. Tungemwongezea damu, tungemtibu, angerudi Misungwi, na baada ya miezi bibi angembeba tena mgongoni. Sasa kuna kipimo kingine kimeandikwa kwenye faili, na kabla ya damu ya mtu mwingine kuingia, kwa sababu ikishaingia jibu linaweza kuvurugika.

Baada ya nusu saa hivi mtoto aliomba maji.

Saa 7:30

Chakula. Michembe na chai, nimesimama.

Saa 8:10

Mtoto wa miaka minne, anatoka udenda, jasho, amejikojolea, mboni za macho zimekuwa vitone. Msimu huu wa kupulizia pamba tunawaona. Baba anasema "alikunywa soda". Namuuliza chupa iko wapi, ameacha nyumbani. Lakini dada yake aliyekuja nao ameibeba kwenye mfuko wa rambo, ina kimiminika cheupe chini na harufu inayojieleza. Dawa ya wadudu iliyohamishiwa chupa ya soda. Nguo zinavuliwa, anaogeshwa kwa sabuni, sisi na glavu zetu, atropine, dawa ya kupinga sumu hii, inaanza na kurudiwa hadi kifua kikauke. Walikuwa wamemnywesha maziwa njiani. Maziwa hayaui sumu hii, yanaongeza tu cha kutapika na kuingia kwenye mapafu. Yule binti wa miaka kumi na kitu, sijui kwa nini hakuna aliyempongeza. Nilimpongeza mimi.

Saa 9:45

Pikipiki na daladala. Bodaboda watano wanaingia na makelele, mwenzao wamemkalisha katikati ya pikipiki kama mzigo, kitu ninachowaomba kila siku wasifanye. Shingo ikiwa imevunjika safari hiyo ndiyo inayommaliza. Mguu umepinda pajani. Mtu mmoja anauliza PF3. Fomu ya polisi ni muhimu, itatafutwa, ila damu haisubiri kituo cha polisi: matibabu kwanza.

Tunamvisha kola ya shingo, mguu unanyooshwa na kufungwa. Mgonjwa anakoroma, ananuka pombe, na pembeni naanza kusikia wimbo ninaoufahamu: "Huyo kalewa, muacheni alale."

Aliyemleta yuko wapi? Yule aliyekuwepo, simtaki aliyepigiwa simu. Anatokea kijana mfupi, mkono umechubuka. "Sista, hajanywa. Alibeba abiria mwenye chupa za bia, zikavunjika zikamwagikia. Baada ya ajali aliinuka, akaniuliza pikipiki iko wapi, akampigia mke wake. Ameanza kusinzia tukiwa Mabatini."

Aliamka, akaongea, sasa analala. Maneno hayo matatu yanatosha kumtoa daktari kwenye kiti. Damu inayovuja kati ya fuvu na utando wa ubongo humpa mtu dakika au saa chache za kuonekana mzima, kisha inaanza kukandamiza. Tochi machoni: mboni ya kulia imepanuka. Picha ya CT ya kichwa, upasuaji, simu tatu kwa mkupuo. Alipoondoka kwenda chumba cha upasuaji, nikamwita yule mfupi nimsafishe mkono. Alikuwa hajui kwamba naye ana jeraha.

Kofia ngumu, tuliambiwa, ilikuwa imening'inizwa kwenye usukani.

Saa 11:00

Gari la wagonjwa kutoka Sengerema. Dereva wake tunafahamiana. Zamani alikuwa akifika hapa amenuna, kwa sababu ya kungoja kivuko Busisi huku mgonjwa anahema nyuma. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za zege juu ya maji, lilizinduliwa Juni 2025, na sasa anavuka kwa dakika chache. Mwaka huu sijamsikia akilaani ziwa. Mama mjamzito aliyemleta, presha ya juu, anapitishwa moja kwa moja wodi ya wazazi, na muuguzi aliyeongozana naye ana karatasi safi: saa ya kila dawa, kiasi, presha kabla na baada. Rufaa za namna hii zinanifanya nimpende mtu nisiyemjua.

Kwa wajawazito kuna pia namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura, haina gharama, na gari la wagonjwa likikosekana wanatuma dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Ulianzia huku kwetu Kanda ya Ziwa kabla ya kuenea nchi nzima. Bado nakutana na wanaume hawaijui, simu mbili mfukoni.

Nyakati nyingine wazee wa kazi hukumbushana "casualty" ya zamani: chumba, benchi, na daktari mmoja wa mafunzo. Idara kamili ya dharura ya umma ilianza Muhimbili 2010, na majengo mengi ya mikoani yalikuja na fedha za UVIKO-19 baada ya 2021. Majengo yamesaidia sana. Vitanda vya wodini vya kuwapokea tunaomaliza nao havijaongezeka kwa kasi hiyo, ndiyo maana kuna mgonjwa wa jana yuko kitanda cha sita hadi sasa.

Saa 1:30 usiku

Nakabidhi. Mtoto wa Misungwi amepewa damu, yuko wodini. Wa sumu bado anapewa atropine, kifua kimeanza kukauka. Wa pikipiki yuko chumba cha uangalizi maalumu, ametoka upasuaji. Mvuvi amepata chupa mbili za damu, mishipa imefungwa.

Natoka nawakuta wenzake wanne bado wako nje, wamekaa kwenye ukuta wanakula mihogo. Nawapa habari. Nawaambia benki ya damu itafurahi wakija kuchangia. Watatu wamekubali, yule wa koti la mvua anaogopa sindano na hataki kubembelezwa. Nikawaambia jambo la pili: maji aliyoingia mwenzenu ndiyo mnayoingia nyinyi, kwa hiyo kesho kabla ya kurudi kisiwani mpime choo, na dawa ya kichocho ipo.

Mwenye kofia akauliza inamezwa siku ngapi, maana giza la mwezi linaanza keshokutwa na tajiri wa mtumbwi hatawasubiri kwenye dagaa.

Siku moja, nikamwambia. Wanakupima urefu wanajua vidonge vingapi, unavimeza siku hiyohiyo. Ila ule kwanza ushibe, vinginevyo utavitapika.