Corona ya mtu wa kwetu haiambukizi?

Machi 2020 corona ilipotangazwa Tanzania, barzani kwetu Kikwajuni tukaacha kupeana mikono, ikawa kugongana viwiko na kucheka, lakini vikombe vya kahawa ni vilevile, vinasuuzwa ndoo moja maji yaleyale, ukimaliza wewe anakinywea mwenzio na hakuna anaeshtuka wallahi! Akipita mzungu sasa, kila mtu anavuta shati puani. Yaani hatari tulikuwa tunaiona kwa mgeni tu. Daladala nayo hivohivo, barakoa ziko kidevuni, madirisha yamefungwa kisa mvua ya masika, na hapo ndo kirusi kinapopenda, hewa isotembea. Bibi yangu alininyima mkono nisimbusu, dakika mbili nyingi akanimegea mkate wa kumimina kwa mkono uleule, nami nikala.