Bibi yangu aliandikwa hajui kusoma

Nilijua herufi kabla sijavaa sare ya shule, na aliyenifundisha ni bibi yangu mzaa baba, Mdigo wa kaskazini mwa Tanga, mama ambaye jina lake liliingizwa kwenye orodha ya watu wazima wasiojua kusoma wala kuandika. Nataka nimwandike vizuri hapa, kwa sababu nimerudi shule nikiwa mtu mzima na kila jioni nikifungua kitabu ndiye ninayemkumbuka.

Bibi aliuza nazi na mikeka, na siku ya mvuno alikopesha mpunga. Madeni yote aliyaandika. Aliandika Kiswahili, Kidigo kikijipenyeza hapa na pale, lakini kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni, yaani madrasa, akiwa binti mdogo. Daftari lake lilianzia jalada la nyuma, mistari ikitoka kulia kwenda kushoto. Nilipoanza darasa la kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaftari yalikuwa ya kutafutwa kama sukari, kwa hiyo alinipa upande wa mbele wa daftari lake. Mimi nikajaza a, e, i, o, u kutoka mbele, yeye akijaza nazi za watu kutoka nyuma, na kila juma tulizidi kukaribiana.

Usiku, taa ya chemli ikiwa katikati yetu, alinisomesha upande wake. Kwanza alifu, be, te, kisha irabu zake juu na chini. Kiarabu hakina sauti ya "p", naye hakuweka nukta tatu kama wanavyoweka wengine, aliandika be tu. Siku moja nikamsomea "bishi mbili za mpunga". Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Umeshamsikia nani akikopa bishi, mjukuu wangu? Soma na akili yako ikiwepo."

Basi nikarudia: pishi mbili za mpunga, mke wa fulani, atalipa baada ya mwezi mfungo mosi. Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza ninayokumbuka kuisoma nikaielewa yote, kuanzia nani anadaiwa mpaka lini atalipa. Vitabu vya shule vilikuja baadaye, na nilivipenda, lakini vilinikuta nimeshajua kwamba maandishi yana kazi.

Pwani hii imeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi. Hati zilizosalia hadi leo zinarudi nyuma mpaka karne ya 18: tenzi, barua, hesabu za biashara. Wajerumani walipofungua shule ya serikali hapa Tanga mwaka 1892, walitaka makarani, na makarani walifundishwa herufi za Kirumi. Waingereza wakaendelea na hizo hizo. Taratibu mwandiko wa chuoni ukabaki kwa wazee, na kwa wanawake kama bibi ambao ofisi haikuwahi kuwaita.

Kisha ikaja elimu ya watu wazima. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya kisomo ikaenea nchi nzima. Sina neno baya juu ya kampeni ile. Nchi ambayo sensa ya 1967 iliikuta na takriban theluthi mbili ya watu wazima wasiojua kusoma ilifanya kazi ambayo mataifa mengi hayakuithubutu, na waliofundisha wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu. Lakini baba amenisimulia siku ya kuandikishwa. Kijana akamuuliza bibi kama anajua kusoma. Bibi akasema amesoma chuoni. Kijana akasema hicho hakihesabiwi, akatia alama. Bibi hakubishana. Alikwenda darasani chini ya mti wa mkungu pamoja na wenzake, na herufi za Kirumi akazijua haraka, kwa sababu mtu anayejua kuandika hafundishwi kuandika, anaongezewa herufi. Madeni yake aliendelea kuyaandika vilevile alivyozoea.

Aliyefunguliwa dunia na kisomo ni babu.

Babu hakuwa mtu wa pwani. Alitoka Kasulu, Kigoma, akaja kukata mkonge. Mkonge wenyewe mgeni: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza miche kutoka Florida, michache ikapona, ikapandwa karibu na Pangani, na kutoka hapo mashamba yakaenea mpaka Korogwe na Muheza. Mashamba yalihitaji watu kuliko waliokuwapo, hivyo mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuwatafuta vibarua bara. Watu waliiita Silabu. Waha, Wangoni, Wabena, Warundi, Wamakonde, wote walipita mikononi mwake, wakaitwa manamba. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, ila babu alipomwona bibi sokoni habari za kuondoka zikaisha.

Kilichobaki kwake cha siku zile ni kipande. Ni kadi yenye visanduku 30, kimoja kwa kila siku ya kazi. Siku ulipomaliza kazi uliyopangiwa, kisanduku kilitiwa alama, na mshahara ulingoja kadi ijae. Hiki cha babu hakikujaa, maana aliugua katikati. Alikitunza kwenye mkebe pamoja na risiti za kodi, miaka na miaka, bila kujua kilichoandikwa juu yake.

Baba anasema babu alipohitimu kisomo, alimaliza kusoma kitabu cha mafunzo, akauomba mkebe. Akakitoa kipande, akaanza na jina, herufi moja moja kwa kidole. Alipofika mwisho akaanza tena. Halafu akasema, "Huyu si mimi." Karani aliyemwandika hakuwa amelisikia vizuri jina la Kiha, akaacha herufi mbili katikati. Jina lile lililopungua ndilo lililohamia kwenye vyeti vya baba yangu, na kwa baba likaja kwangu. Babu alitembea nalo miaka yote hiyo kwa sababu hakuwa na njia ya kuliona. Ninapowasikia watu wakiuliza mzee akisoma atapata faida gani, ndilo jibu nililo nalo.

Mimi nilimaliza darasa la saba mwaka 1989. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno miaka hiyo, sikuchaguliwa, nikashika cherehani. Nimeshona Ngamiani, hapa Tanga mjini, nimelea, nimesomesha. Sasa nasoma jioni, najiandaa na Mtihani wa Maarifa, ule unaofungua mlango wa kukaa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kinachonitoa jasho ni Kiingereza, kwa sababu tulisoma msingi wote kwa Kiswahili na sekondari masomo karibu yote yanageuka ghafla. Binti yangu yuko kidato cha pili, ananisahihisha insha akiwa na kalamu nyekundu, na hanionei huruma hata kidogo. "Mama, hapa umetafsiri," ananiambia. Namshukuru.

Mwezi uliopita tulifika kwenye uchumi wa kikoloni. Kitabu kina aya fupi juu ya vibarua waliohamishwa kutoka mbali kwenda mashamba ya mkonge. Nikaisoma, nikanyoosha mkono, nikamwambia mwalimu, "Mwalimu, huyu ni babu yangu." Yeye ni kijana wa umri wa mpwa wangu, angeweza kunikatiza kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Alikaa juu ya dawati akasema, "Endelea, mama." Nikasimulia Silabu, kadi, mkebe, jina. Nilipomaliza, dereva wa bodaboda anayekaa nyuma akasema wa kwake alitoka Songea. Dada anayeuza samaki soko la Deep Sea akasema babu wa mama yake ni Mmakonde, na kwamba kwao hawajui hata kijiji alichotoka. Tukatoka usiku tukiwa bado tunaulizana.

Mwalimu ametutaka kila mwenye karatasi ya zamani ya nyumbani aje nayo Alhamisi. Nitapeleka kipande, nimeshakifunga kwenye nailoni kisishike unyevu. Nitawaonyesha jina lilivyoandikwa na karani, kisha nitaliandika ubaoni kama babu mwenyewe alivyolitamka, na herufi zake mbili.