Ukigongwa gari Minnesota, anza na bima yako mwenyewe

Wakenya wengi wa Brooklyn Park na vitongoji vya jirani tunafanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Tunaendesha gari usiku kwenda zamu, na Januari barabara ina barafu usiyoiona mpaka gari limeshateleza. Kugongwa kwa nyuma penye taa nyekundu si habari ngeni. Kinachoniumiza ni yanayofuata: mtu anarudi kazini shingo imekakamaa, anameza vidonge vya maumivu na kunyamaza, kwa sababu anaogopa bili ya hospitali na aliyemgonga hapokei simu.

Ndugu yangu, huyo huna haja ya kumsubiri. Sheria ya Minnesota iliyopitishwa 1974 inataka bima ya kila gari iwe na angalau dola 20,000 za matibabu na dola 20,000 nyingine za mshahara uliopotea na hasara za namna hiyo. Anayelipa kwanza ni bima yako wewe, hata kama kosa lilikuwa lako. Kama ulikuwa abiria na huna bima, wala ndugu unayeishi naye hana, unadai kwa bima ya gari ulilopanda. Anayekosa malipo haya ni mwenye gari aliyeliacha bila bima. Na sheria hiyo haiulizi uraia.

Fedha hizo zinalipia hospitali, picha, mazoezi ya viungo, na pia kairoprakta, yule tabibu anayenyoosha uti wa mgongo kwa mikono. Zinalipia hata safari za kwenda kutibiwa. Mama aliyekuja kulea wajukuu na hajui Kiingereza anaweza kulipiwa mkalimani, mradi mkalimani asiwe mtu wa familia. Mshahara unarudishwa asilimia 85, usiozidi dola 500 kwa wiki.

Sasa sikieni lililompata dada mmoja wa kanisani kwetu. Aligongwa, akaona aibu kuomba ruhusa kazini, na karo ya wadogo zake Kisii ilikuwa inangoja. Alipokwenda kwa daktari hatimaye, wiki kadhaa zilikuwa zimepita. Kampuni ya bima ikamtuma kwa daktari iliyemchagua yenyewe, naye akaandika kwamba mgongo wake umechoshwa na kuinua wagonjwa. Malipo yakasimamishwa. Kwa sisi wa kazi hii, sababu hiyo iko tayari siku zote. Ndiyo maana nawasihi: nenda ukapimwe siku hiyohiyo au kesho yake, mwambie daktari kila panapouma, na mweleze kazi yako na jinsi mgongo ulivyokuwa kabla ya ajali. Kinachosemwa chumbani kwa daktari ndicho kitakachosomwa baadaye. Taarifa kwa bima itoe mapema pia, kwani mkataba unaweza kukuwekea mwisho wa miezi 6. Dada yule alipinga uamuzi mbele ya msuluhishi. Madai yasiyozidi dola 10,000 hupelekwa huko badala ya mahakamani, na bima ikichelewesha malipo halali zaidi ya siku 30, inadaiwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka.

Jambo lingine ni madalali. Anakupigia mtu anayejua lugha yako, anakuita ndugu, anakupeleka kliniki fulani na kukuahidi pesa. Kuwalipa watu wa kutafuta majeruhi namna hiyo ni kosa la jinai hapa. Desemba 2016 waendesha mashtaka wa serikali kuu waliwashtaki watu 21 Minnesota, makairoprakta wakiwemo. Hata ukiacha sheria, zile dola 20,000 za matibabu ni fungu moja. Ukinyooshwa mgongo mara tatu kwa wiki, miezi inapita, fungu linaisha, halafu ndipo inagundulika kwamba bega limechanika na linahitaji upasuaji. Kairoprakta mzuri anasaidia sana, nimeona watu wakigeuza shingo tena. Lakini muulize mapema: tutajuaje kwamba napata nafuu, na usipoona nafuu utanipeleka kwa nani?

Fidia ya maumivu yenyewe hudaiwa kwa aliyekosea, na si kila jeraha linafika huko. Matibabu yawe yamezidi dola 4,000, picha za eksirei zisihesabiwe, au uwe umepata jeraha la kudumu, kovu la kudumu, au umeshindwa shughuli zako kwa siku 60 au zaidi. Mawakili wengi huchukua theluthi ya kitakachopatikana, kwa hiyo mazungumzo ya kwanza hayakugharimu. Nao upande wa pili hupiga simu haraka, wakitaka kukurekodi na kukutumia hundi ndogo pamoja na karatasi ya kusamehe madai yote. Karatasi hiyo usiitie sahihi wakati bado unatibiwa.