Ubuntu 28.04: Alhamisi ipi?

Leo mchana hapa Moshi, mezani kwa fundi karibu na stendi, laptopu nne zimefunguliwa na swali ni moja: Ubuntu 28.04, toleo lijalo la mfumo endeshi wa kompyuta, inatoka lini?

Jina lenyewe linajibu nusu. 28 ni mwaka, 04 ni Aprili.
24.04 ilitoka Alhamisi, 25 Aprili 2024. 22.04 nayo Alhamisi, tarehe 21.
Kwa hiyo Aprili 2028 macho yangu yako kwenye tarehe 20 au 27, masika yakiwa yamekolea.

Watengenezaji wakichelewa, namba hubadilika! Mwaka 2006 walisogeza kutoka Aprili hadi Juni, ikawa 6.06.

Kila toleo hupewa jina la utani la mnyama, na herufi hufuata alfabeti. 26.04 ni R, matoleo ya katikati yachukue S, T na U, basi 28.04 iangukie V.
V iliyopita, 15.04, iliitwa Vivid Vervet. Vervet ni tumbili, hawa hawa wanaoiba ndizi migombani kwetu. Napenda sana hilo.

Ila usikimbilie siku ya kwanza. Mwenye 26.04 kwa kawaida haletewi taarifa ya kuhamia toleo jipya mpaka itoke 28.04.1, toleo la marekebisho ya kwanza, Julai au Agosti hivi. Nakili mafaili yako kwanza. Na flashi ya GB 4 haitoshi kusakinishia: faili la kusakinishia 24.04 tu linapita GB 5.

Nyie mnasema 20 au 27? Na mnyama gani wa V?